Lodi Shaftesbury, aliyewatoa watoto ndani ya dohani

NILIRUDI Rumonge mwaka 2008 nikitokea makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania, ambako nilizaliwa na kusomeshwa baada ya wazazi wangu kuukimbia mji huu mwaka 1972. Tangu hapo nafundisha shule ya msingi. Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha ya lodi mmoja wa Uingereza aliyefariki mwaka 1885, lakini kwanza sina budi kueleza kilichonifanya nimkumbuke, kwani chanzo chake ni kosa langu mwenyewe.

Hapa mjini yupo mfanyabiashara ambaye naye alirudi kutoka Tanzania. Ni mkubwa wangu kwa umri, tulikuwa majirani kule Mishamo, nami humwita Mzee. Baada ya mvutano wa miaka mingi alirudishiwa nyumba ya marehemu baba yake, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Uani kuna tanuri la mikate, na tanuri lina dohani, yaani bomba la moshi la matofali linalopanda ndani ya ukuta, likakunja kona moja, kisha likatokeza juu ya paa. Mzee alitaka kuoka mikate ya kuwauzia abiria wa maboti yaendayo Baraka, ng'ambo ya Kongo, na wachuuzi wa njia ya Nyanza-Lac na Kigoma. Alipoliwasha tanuri kwa mara ya kwanza, moshi wote ulirudi chumbani. Dohani ilikuwa imeziba kwa masizi ya miaka mingi na viota vya ndege.

Fundi mwashi alishauri ukuta utobolewe pale penye kona, pawekwe kimlango cha chuma cha kufungua na kufunga, ili burashi iweze kupita. Mzee aliona gharama ni kubwa. Akaja kwangu kuniomba kijana mwembamba wa kumsaidia kazi ndogo siku ya Jumamosi. Sikuuliza ni kazi gani. Nilimtajia mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 11, ambaye hana baba na alikuwa anahitaji sare.

Jumatatu mtoto alikuja darasani macho mekundu, masizi masikioni, ngozi ya viwiko na magoti imechubuka. Alikuwa ameteremshwa ndani ya dohani akiwa na kamba kiunoni. Nilimpeleka kituo cha afya, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Mzee.

Mzee hakukasirika. Alinieleza kwamba kijana alilipwa vizuri, kwamba hakulazimishwa na mtu, na kwamba nyumba ile ni ya zamani, dohani yake imepinda, hivyo hakuna namna nyingine ya kuisafisha. Nilishangaa, si kwa ubaya wa maneno hayo, bali kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuyasoma. Yamo katika kitabu kikuukuu cha historia nilichonunua kwa muuza mitumba mjini Kigoma. Ni hoja zilezile walizozitumia wenye nyumba wa Uingereza kwa karibu miaka 100, na mtu aliyepambana nazo mpaka uzeeni ni Anthony Ashley Cooper, anayejulikana zaidi kama Lodi Shaftesbury.

Alizaliwa London tarehe 28 Aprili 1801 katika ukoo wa malodi. Kwa desturi yao, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina dogo la heshima mpaka baba yake afariki, ndipo arithi jina kubwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi aliitwa Lodi Ashley, na jina la Shaftesbury alilipata mwaka 1851. Nami nitamwita Ashley mpaka tufike huko.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mtoto wa lodi alilelewa kama yai. Sivyo. Baba na mama yake walikuwa wakali, wasio na muda naye. Aliyempenda alikuwa mtumishi wa nyumbani, Maria Millis, aliyemfundisha kusali na kumsimulia habari za Biblia. Mama huyo alifariki Ashley akiwa bado mtoto, akamwachia saa yake. Ashley aliitunza na kuivaa saa hiyo maisha yake yote, ingawa baadaye angeweza kununua nyingine yoyote. Shule ya kwanza aliyopelekwa, huko Chiswick, ilikuwa chafu, chakula hakitoshi, na wavulana wakubwa wakiwatesa wadogo. Sisi tuliosomea makazini tunaijua njaa ya shuleni, lakini angalau jioni tulirudi kwa mama. Yeye aliichukia likizo kuliko shule, maana likizo ilimrudisha kwa wazazi wake.

Akiwa na miaka kama 14, mwanafunzi wa shule ya Harrow, alikutana njiani na watu wamebeba jeneza la maskini. Wabebaji walikuwa wamelewa, wanaimba na kuyumba, mpaka jeneza likawaponyoka likaanguka chini. Hakuna ndugu wala jirani aliyefuata nyuma. Mwenyewe aliamini mpaka uzeeni kwamba njia ya maisha yake ilianzia siku hiyo.

Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford akafaulu daraja la kwanza mwaka 1822, na mwaka 1826 akaingia bungeni. Hakuwa msemaji hodari. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye huzuni usoni, na alipata shida kulala kabla ya siku ya hotuba. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa moja ambayo wenzake hawakuitaka, nayo ni kuchunguza nyumba walimofungiwa wagonjwa wa akili. Alikwenda mwenyewe. Akakuta watu waliofungwa minyororo juu ya majani makavu tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi ili walinzi wapate mapumziko ya Jumapili. Mwaka 1828 aliteuliwa kuwa mmoja wa makamishna wa kukagua nyumba hizo, baadaye akawa mwenyekiti wao, na hakuiacha kazi hiyo mpaka alipokufa, miaka 57 baadaye. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili la ukaguzi wa hospitali za wagonjwa wa akili, kwa sababu litarudi.

Habari zake za viwandani na migodini zinajulikana kwa kila aliyesoma historia sekondari kule Tanzania, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Kuanzia mwaka 1833 aliwapigania watoto wa viwanda vya nguo, na mwaka 1842 alipitisha sheria iliyowaondoa wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kwenye kazi za chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Sheria ya saa 10 za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana ilipita mwaka 1847. Hayo ndiyo yaliyompa jina. Lakini vita iliyomchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya watoto wachache tu, ambao hawakuwa kiwandani wala mgodini. Walikuwa ndani ya nyumba za watu wenye heshima.

Kwetu pwani ya Tanganyika joto halituachi, moto tunauhitaji wa kupikia, kukausha samaki na kuchemshia mawese. Uingereza karibu kila chumba cha nyumba ya mwenye uwezo kilikuwa na meko ukutani, na meko yote yaliwashwa kwa makaa ya mawe wakati wa baridi. Moshi wa kila meko ulipanda ndani ya ukuta kwa njia yake, njia hizo zikikunjana na kupishana mpaka juu ya paa. Nyingine hazikuzidi inchi 9 kwa 9, yaani kama sentimeta 23 kila upande. Chukua rula ya mwanafunzi ya sentimeta 30, punguza sentimeta saba, ndio upana wenyewe.

Masizi ya makaa ya mawe hunata. Yakiachwa yakawa mazito hushika moto humohumo, na nyumba nzima inaweza kuungua. Au huziba njia, na hapo hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, hurudi chumbani na kuua watu waliolala. Dohani ikipata ufa, moto hupenya mpaka kwenye mbao za dari. Ndiyo sababu dohani lazima isafishwe na kukaguliwa, na mpaka leo wenye nyumba za zamani katika nchi za baridi huita fundi angalau mara moja kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Kwa hiyo kazi yenyewe haikuwa ya upuuzi. Swali lilikuwa ifanywe na nani, na kwa chombo gani.

Chombo kilikuwa mtoto. Mafundi wa dohani waliwachukua wavulana, na mara nyingine wasichana, wa miaka sita au saba, hata wanne, kutoka kwa wazazi maskini waliolipwa fedha kidogo au kutoka nyumba za kulelea yatima. Waliitwa wanagenzi, kana kwamba wanafundishwa ufundi. Mtoto aliingia kwa chini akapanda kwa kusukuma mgongo upande mmoja na magoti upande mwingine, kofia imefunika uso, burashi mkononi. Viwiko na magoti yakichubuka, fundi aliyasugua kwa maji ya chumvi makali mbele ya moto ili ngozi iwe sugu. Aliyeogopa kupanda alichomwa nyayo kwa pini au kuwashiwa majani chini yake. Usiku walilala juu ya magunia ya masizi, maana masizi yenyewe yaliuzwa kwa wakulima kuwa mbolea. Walionasa kwenye kona, magoti yamekwama kidevuni, walikufa humo kwa kukosa hewa.

Waliopona hawakuwa salama. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza ugonjwa aliouona kwa waliofanya kazi ya dohani utotoni, nao ni saratani ya ngozi ya korodani. Alisema inatokana na masizi yanayokaa katika mikunjo ya ngozi. Hiyo ndiyo saratani ya kwanza kabisa ambayo daktari aliihusisha na kazi ya mtu. Nilipofika hapo katika masimulizi yangu, Mzee aliuliza kama kijana wetu alioga siku ile. Aliogea ziwani.

Sheria ya kwanza ilitungwa mwaka 1788, ikikataza wanagenzi wa chini ya miaka 8. Hakuna aliyewekwa kuisimamia. Mwaka 1803 kikaundwa chama cha watu wema wa London kutafuta mashine badala ya watoto, na mwaka huohuo George Smart akatengeneza burashi yenye vipande vya fimbo vilivyounganishwa kwa kamba. Mwaka 1828 Joseph Glass wa Bristol alitoa iliyo bora zaidi, yenye fimbo nyepesi zinazopinda na kuunganishwa moja baada ya nyingine kadiri burashi inavyopanda. Burashi za mkono zinazotumika mpaka leo zinafanana nayo. Kwa hiyo chombo kilikuwepo Ashley akiwa bado kijana. Kilichokosekana ni nia ya mwenye nyumba.

Hapo ndipo kiini cha habari hii kilipo. Burashi ilipita vizuri katika dohani zilizonyooka, na katika nyingi zilizopinda. Zilikuwepo chache, hasa katika majumba makubwa ya zamani, zenye kona kali ambazo burashi isingeweza kuzipita mpaka ukuta utobolewe na kuwekwa kimlango cha chuma. Kimlango hicho hakikuwa ghali kwa mtu mwenye jumba la vyumba 40. Lakini mwenye jumba hakutaka ukuta wake uguswe, na mkewe hakutaka masizi ya mashine yamwagike kwenye mazulia. Watetezi wao wakasimama bungeni kueleza kwamba mtoto asipopanda, nyumba za kale zitaungua. Kampuni za bima nazo zikatia neno. Muswada baada ya muswada ulipita katika Baraza la Wabunge ukaenda kufia katika Baraza la Malodi, ambako karibu kila aliyeketi alikuwa na jumba la kale.

Ashley aliingia katika jambo hili mwaka 1840. Sheria ya mwaka huo, aliyoipigia debe kwa nguvu zake zote, ilikataza mtu yeyote wa chini ya miaka 21 kupanda dohani, na ilikataza mwanagenzi wa chini ya miaka 16. Ilianza kutumika Julai 1842. Wakati huohuo aligundua kwamba mtoto mmoja wa kazi hiyo alikuwa akiishi nyuma ya nyumba yake mwenyewe mjini London. Alimtoa kwa fundi akamtafutia shule. Sikudharau tendo hilo niliposoma, lakini nilijiuliza ni mara ngapi alikuwa amepita pale.

London sheria ilishika kwa kiasi. Mikoani haikushika. Faini ilikuwa ndogo, shahidi ilikuwa lazima apatikane, na hakimu aliyesikiliza kesi siku ya Jumanne ndiye yule aliyesafishiwa dohani na mtoto siku ya Jumatatu. Fundi aliyetii sheria na kununua mashine alikosa wateja, kwa sababu mwenye nyumba alimwita jirani yake mwenye mtoto. Sisi tunaopitisha mizigo mpakani tunajua inavyokuwa mwaminifu anapolipa ushuru na mwenzake akapita njia ya panya.

Mwaka 1851 baba yake alifariki, naye akawa Lodi Shaftesbury. Sasa akaketi katika baraza lilelile lililokuwa likiua miswada. Alirithi pia jumba la ukoo huko Wimborne St Giles, jumba lililoanza kujengwa mwaka 1650, pamoja na madeni makubwa. Vibanda vya wafanyakazi wa shamba lake vilikuwa vibovu kiasi cha kumwaibisha, na wapinzani wake hawakuacha kumkumbusha. Aliuza picha za thamani za ukoo ili ajenge nyumba bora za wafanyakazi, lakini fedha hazikumtosha kamwe, na msimamizi wake akamwibia. Alikuwa na watoto kumi wa kuwasomesha pamoja na mkewe Emily, aliyemwoa mwaka 1830. Lodi, msomaji, lakini alikopa.

Tena si mtu wa kusifiwa kwa kila kitu. Alipinga watu wa kawaida kuongezewa haki ya kupiga kura. Aliviogopa vyama vya wafanyakazi. Katika dini alikuwa mkali, na wengi waliofanya naye kazi walimwona mgumu na mwepesi wa kuumia moyoni. Nayaeleza haya kwa sababu katika vitabu vya shule tulifundishwa jina lake na mwaka wa sheria tu, kana kwamba alikuwa sanamu tangu kuzaliwa.

Kati ya mwaka 1851 na 1855 alileta miswada ya dohani tena na tena, ikaangushwa. Mwenzake mmoja barazani aliona ni huruma ya kupita kiasi. Mwaka 1861 akaomba tume ichunguze kazi za watoto, na tume ilipotoa taarifa mwaka 1863 ilionyesha kwamba katika miji mingi idadi ya watoto wanaopanda dohani ilikuwa imeanza kuongezeka tena, miaka 20 baada ya kukatazwa. Mwaka huohuo mwandishi Charles Kingsley alitoa hadithi ya mtoto wa dohani, The Water-Babies, ikasomwa na watoto wa matajiri waliolala katika vyumba vyenye dohani hizohizo. Mwaka 1864 ikapita sheria nyingine ya Shaftesbury yenye adhabu ya kifungo. Nayo ikapuuzwa, maana bado ilingoja mtu wa kujitolea kushtaki.

Februari 1875 fundi mmoja aitwaye William Wyer alimwingiza mtoto wa miaka 11, George Brewster, katika dohani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Fulbourn, karibu na Cambridge. Mtoto alinasa. Ukuta ulibomolewa ili kumtoa, naye akafa muda mfupi baadaye. Angalia ilipotokea. Nyumba za aina hiyo ndizo tume ya Shaftesbury ilizokuwa ikizikagua kwa miaka mingi, vitanda, chakula, minyororo. Hakuna aliyetazama juu kwenye dohani. Na ukuta ulioonekana ni ghali kuutoboa kwa ajili ya burashi ulibomolewa siku moja kwa ajili ya maiti.

Wyer alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia akafungwa miezi 6 na kazi ngumu. Shaftesbury, mwenye miaka 73 wakati huo, aliandika gazetini na kuleta muswada wa mwisho. Safari hii hakuongeza ukali wa faini. Aliweka kitu cha kawaida kabisa, ambacho wachuuzi wote wa mpakani wanakijua, nacho ni leseni. Kila fundi wa dohani alitakiwa kujiandikisha polisi na kupewa cheti cha kufanyia kazi, kinachohuishwa kila mwaka. Akionekana na mtoto, cheti kinaweza kuchukuliwa. Na kushtaki kukawa ni kazi ya polisi, si ya jirani mwenye huruma. Sheria hiyo ilipita Agosti 1875, na baada yake watoto wakatoweka katika dohani za Uingereza. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu sheria ya 1840, na miaka 87 tangu ile ya kwanza.

Miezi hiyohiyo ya katikati ya 1875, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa mgeni wa serikali mjini London, miaka miwili baada ya kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa kwa shinikizo la Waingereza. Nasi tuna jiwe letu la Mugere, kwenye barabara ya kwenda Bujumbura, la kukumbuka kwamba Livingstone na Stanley walifika hapo Novemba 1871 wakipita kwa mtumbwi kando ya pwani yetu. Kila nipitapo pale ndani ya basi nawaza hesabu hiyo. Livingstone alikuwa akiandika kwao kuhusu biashara ya watu katika nchi za ziwa hili, na wasomaji wake walilia kweli, wakiota moto mbele ya meko yaliyosafishwa na mtoto. Sisemi hivyo kupunguza uovu uliofanyika huku. Ulifanyika.

Shaftesbury alifariki tarehe 1 Oktoba 1885 huko Folkestone, akiwa na miaka 84. Ibada ilifanyika Westminster Abbey tarehe 8 Oktoba, na njiani walisimama mafundi viatu, wauza maua, wauza mboga wa mitaani na watoto wa shule za maskini alizozilea, wengi wamefunga kitambaa cheusi hata kama ni kipande cha nguo kuukuu. Hakuzikwa humo pamoja na wafalme. Alikuwa ameomba azikwe kijijini kwake, Wimborne St Giles. Mwaka 1893 London ilimjengea chemchemi ya kumbukumbu katika mzunguko wa Piccadilly, na juu yake ikawekwa sanamu ya alumini ya kijana mwenye mbawa na upinde. Watalii hupiga picha pale kila siku, na wengi wao hudhani ni sanamu ya mapenzi.

Haya yote nilimsimulia Mzee jioni mbili, kwa vikombe vya chai. Jioni ya kwanza alibishana kuhusu malipo. Alitaka kujua kama watoto wale wa Uingereza walilipwa, nikamjibu kwamba aliyelipwa alikuwa fundi. Akasema basi yeye ni bora kuliko wao, na nikakubali kwamba ni bora. Jioni ya pili aliuliza bei ya bati nene. Hakusema kwa nini.

Kimlango kimewekwa. Fundi wa kuchomelea alikikata kutoka pipa kuukuu la mafuta, akakitia bawaba mbili na komeo. Burashi imetengenezwa kwa nyuzi za mchikichi zilizofungwa kwa waya kwenye ufito wa mwanzi, na inaingia kwa juu mpaka kwenye kona, kisha kwa kimlango mpaka chini. Gharama yote haikufika bei ya magunia mawili ya unga wa ngano. Mikate inatoka kila alfajiri. Mtoto yuko darasani, sare nimemnunulia mimi, na kikohozi kimepungua ingawa hakijaisha. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho nilipokwenda kumwomba radhi, kisha akaniuliza kwa nini sikuuliza kazi ni ya nini. Sikuwa na jibu.

Nilimwomba Mzee aandike tarehe kwa chaki upande wa ndani wa kimlango kila dohani inaposafishwa na kutazamwa nyufa, mara moja kwa mwezi kwa kuwa anachoma kuni mbichi. Alicheka, akasema mwalimu ni mwalimu tu, lakini akaandika. Mara ya mwisho nilipofungua nilikuta tarehe tatu. Ya nne ilipaswa kuwa Jumamosi iliyopita. Kesho nikitoka shule nitapita pale.